Ndani ya Chandarua

Mchana nashika spana namba thelathini na mbili,
nalala chali chini ya malori ya mahindi kule Salgaa.
Bolti ikikataa, naiongezea bomba.
Ikizidi kukataa, naitukana, inalegea.

Usiku naketi mbele ya saa ya mkono,
ya kutia ufunguo, ya zamani,
niliyoinunua kwenye turubai la mitumba
pamoja na nyingine kumi na moja, maiti zote,
ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.
Hapa hapana bomba.
Hapa hata pumzi ni nyundo.

Na vumbi la Nakuru mnalijua.
Februari linainuka ziwani, jeupe,
linaingia kwenye unga, kwenye sala,
na chembe moja ikikaa katikati ya magurudumu
saa inagoma kama punda aliyeona kilima.
Basi nikachukua chandarua cha kliniki,
kile cha buluu tulichopewa Cherop alipozaliwa,
nikakitundika juu ya meza, nikaingia na taa.
Jerono akasimama mlangoni, sufuria mkononi:
"Haya, bwana harusi. Fungate njema."

Ya kwanza niliiua.
Sikujua kwamba kamani iliyojikunja ina hasira;
nilifungua kikombe chake, ikaruka,
ikanichanja kidole, ikajilaza mezani ndefu kama ulimi.
Ya pili niliivunja mhimili, mwembamba kuliko kope.
Ya tatu sitaki kuizungumzia.

Nikampelekea Wafubwa, wa kibarazani karibu na stesheni,
kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho,
ambaye siku hizi riziki yake ni betri na vifuniko vya simu.
Akanitazama mikono, akacheka, si kwa ubaya.
"Unabana mno, kaka.
Kibano kishike kama unamchomoa mwiba
mtoto aliyelala, na hutaki aamke."
Akanipa tone la mafuta kwenye kizibo cha dawa.
"Hilo litakutosha mwaka."
Nikadhani ananitania. Lori moja
hunywa lita thelathini na kuomba nyingine.

Mshale wa saa yeye huuita akrabu,
neno alilolirithi kwa aliyemfundisha. Nge.
Nikaangalia, nikakubali: inatambaa polepole
na anayechelewa ndiye anayeumwa.
Ilikuwa imekufa ikielekeza nane,
na mdomo wangu, bila kufikiri, ukasema saa mbili.
Kumbe hata zikiwa nzima, saa na mimi
hatujawahi kukubaliana,
tofauti ya saa sita, maisha yangu yote,
na kazini nilifika.

Jumanne skrubu iliruka.
Nilitambaa na sumaku ya spika mbovu,
Cherop nyuma yangu na tochi.
Tukapata sindano, punje ya mchele,
na jino lake alilokuwa akinidai fidia.
Skrubu, hapana.
Alhamisi ilionekana kwenye upindo wa suruali yangu:
ilikuwa imeenda Salgaa na kurudi, siku mbili,
bila kulipa nauli.

Leo, ya nne.
Nimeliteremsha gurudumu la mizani mahali pake,
nikaachia kibano.
Halikungoja. Likayumba,
likarudi, likaenda tena,
kama mtu aliyekuwa akisubiri tu aulizwe.
Sauti yake ndogo kuliko mchwa ndani ya boriti.
Jasho likanidondoka, nikalikinga kwa kiganja.

"Jerono! Inatembea!"

Akaja, akafunua chandarua, akainama,
kitambaa chake kikinigusa sikio,
mikono yake ikinuka vitunguu.
"Inasema saa ngapi?"
Nikatazama. Saa kumi na dakika tano.
Nje giza, na redio ya jirani
inasoma taarifa ya saa tatu usiku.
"Inatembea," nikasema.
"Hiyo habari ya saa ngapi hatujafika."

Akashusha chandarua,
yeye akiwa ndani.