Mji Usiojua Hesabu

Nilizaliwa Ellery, ukingo wa kaskazini wa mto Ohio,
mji wa nguruwe na mapipa.
Baba yangu, Lemuel Tibbs, alipinda mbao za mwaloni
hadi zikakubali.
Novemba mpaka Februari damu ya machinjio
iliteremka mferejini, ikaingia mtoni ingali na joto,
na harufu yake ikashika nywele, mkate, Biblia.
Wageni waliziba pua.
Mbwa wa wawindaji, wenye majina ya kifalme,
walishuka gatini wakaduwaa,
wakalamba mawe, wakasahau walichotumwa.
Uvundo nao una huruma zake.

Kentaki ilikuwa karibu. Usiku mtulivu
ungemsikia mtu akikohoa ng'ambo,
na mama alitofautisha kikohozi cha tumbaku
na kikohozi kinachouliza.

Alfajiri Drusilla Haupt, mjane asiye na mtoto wala paka,
alitoa tanurini mikate kumi na minne.
Hakuna aliyemuuliza.
Orcutt aliuza jozi nane za viatu
kwa fundi wa saa mwenye mguu mmoja.
Hakuna aliyemuuliza.
Mwalimu Fitch, aliyetuchapa kwa kukosea saba mara nane,
alipoulizwa na sherifu mkokoteni wake umebeba wangapi,
alikuna kichwa, akasema: nyasi.

Waliovuka kuwafuata walijua hesabu.
Walikuwa nayo karatasini:
mwanamume, miaka ishirini na sita, makovu mawili begani,
jino moja pungufu, dola mia tisa.
Mwanamke, anajua kushona, dola mia saba,
pamoja na mtoto; mtoto hajapangiwa bei.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi walilikumbatia daftari.
Sisi hatukuwa nalo.

Usidhani tulikuwa malaika.
Asa Crandall, sauti nzito ya kwaya yetu, alijua kuhesabu.
Alihesabu usiku ambao taa yetu haikuzimwa,
kisha akahesabu dola arobaini kiganjani,
na watu sita wakarudishwa ng'ambo kwa kamba moja.
Jumapili aliimba.
Hatukujua tutazame wapi.
Mama alimtazama yeye, tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka.

Mto nao haukuwa upande wa mtu.
Januari moja barafu ilikatika katikati,
ikamtwaa msichana ambaye jina lake lilitajwa mara moja tu,
na upepo ulikuwa mkali.
Baba alisikia Zilpha. Mimi nilisikia Delphy.
Maji yalipomrudisha tulimzika nyuma ya karakana,
na baba, fundi wa mbao, akasimamisha ubao mtupu.

Kazi yangu ilikuwa kikapu.
Miaka tisa, gizani, hadi ghala la mapipa.
Nyuso sikuziona, niliijua mikono:
mkono uliotetemeka, mkono mdogo wenye pupa,
na mkono mmoja wa vidole vinne
ulioupokea mkate, ukauweka chini,
ukarudi kuushika wangu,
kimya, muda mrefu,
kama anayepima uzito wa kitu asichokusudia kununua.

Kiangazi akaja karani wa sensa, kola yake imeloa jasho.
"Nyumba hii hulala watu wangapi?"
Chini ya buti zake, chini ya sakafu, mtu alizuia chafya.
Mama akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.
"Unauliza usiku upi?"
Baba alicheka peke yake, akanyamaza.
Karani akaandika: watatu.

Sasa mimi ni bikizee, machinjio yamehamia Sinsinati,
na watu wa magazeti huja na kalamu:
walikuwa wangapi? Mia? Elfu?
Natamani kuwajibu.
Walipotea bila habari, ndivyo tulivyoomba,
na ndicho kinachoniamsha saa tisa za usiku:
kama wa vidole vinne alifika,
kama huko kuna baridi, kama alipata glavu.

Mjukuu wangu anaandaa meza.
Tuko watano. Namwambia akate mkate zaidi.
"Wa nani, bibi?"
Mtoto mzuri.
Anajua hesabu.