Mtungi wa Tatu

Hapa Mikindani kisima kinatoa chumvi.
Sabuni haifanyi povu, inagandana tu
kama maziwa yaliyochacha,
na shati likikauka kambani
linasimama peke yake, kama mlinzi.
Nguo zetu tumeshazizoesha.
Za altare, hapana.
Za altare hufuliwa kwa maji matamu,
mitungi mitatu kutoka mkokoteni wa Musyimi,
nami hutia sahihi kwenye daftari la parokia.

Mwaka wa kumi na moja huu.
Nazijua nguo hizo kuliko anayezivaa:
amikto na jasho lake la shingo,
mshipi na fundo ambalo Padre Livondo
hulivuta kwa pupa akichelewa,
stola, nyepesi mkononi, waiitaye nira.
Kwaresima kasula ya zambarau huchujia vidoleni mwangu,
na jioni nakanda mahamri kwa mikono ya toba.
Nayo alba, wanasema ni lile vazi la ubatizo
lililokua pamoja na mtu.
Langu lilibaki Wundanyi, sandukuni kwa mama,
mende wakalila.
Alba ni ndefu, nyeupe, na haina mfuko.
Hilo nililiona siku ya kwanza:
haina mfuko.

Jumamosi ile stima ilikatika tangu alfajiri,
pasi ya makaa inapumua moshi mlangoni.
Mtungi wa kwanza uliishia kwenye vitambaa,
wa pili ukamezwa na kasula.
Nimeinamia wa tatu, kifuniko mkononi,
Mbeyu akabisha.

Mbeyu wa chumba cha nne.
Mbeyu mwenye deni langu tangu Desemba,
elfu moja na mia mbili,
ambaye akiniona dukani hugeukia mboga
kana kwamba sukuma imemwita jina.
Mgongoni Kalume, katoka tetekuwanga,
ngozi imepasukapasuka.
"Zahanati wamesema maji yasiyo na chumvi.
Ya kisima yakimgusa
analia mpaka sauti inakwisha."
Hakusema naomba. Aliutazama mtungi,
kisha akaitazama miguu yake.

Nitasema kweli:
nilihesabu.
Nilihesabu deni, nikahesabu mtungi,
nikamhesabu Musyimi, keshakwenda Jomvu,
harudi hadi Jumatatu.
Nikasema moyoni, haya si yangu kuyatoa,
haya ni ya Bwana.
Na neno hilo, nilipolisikia,
lilisimama peke yake
kama shati la chumvi.

Nikaifungua leso kiunoni,
nikaitandika sakafuni,
tukamlaza Kalume juu ya maandishi yake,
nikamimina, kata baada ya kata.
Hakulia. Alishangaa tu,
akashika pindo la leso, akalinyonya.
Deni hatukulitaja.
Sijalisamehe, nisijivike utakatifu.
Nimelikunja,
nimelitia chini ya godoro.

Alba nikaifua kwa kisima.

Jumapili Padre alipoinua mikono
niliisikia nikiwa benchi la nne: kwaru, kwaru,
ngumu kama turubai la lori la bandarini.
Katikati ya mahubiri alijikuna shingo mara mbili,
na Mama Mwaiseje wa kwaya akanigeukia
kwa jicho ninalolijua.
Baadaye, sakristiani, akaniuliza,
"Mghoi, sabuni gani hii?"
Nikamweleza yote, na deni pia,
sijui kwa nini na deni.
Akalipapasa pindo, akalamba ncha ya kidole.
"Inawasha," akasema.
Akaitundika yeye mwenyewe.
"Basi usiifue wiki hii."

Jumatatu Musyimi amekuja na kengele yake.
Nimenunua mitungi minne.
Kwenye daftari nimeandika mitatu.