Gramu Hamsini

Mtaa wa Narung'ombe, nyuma ya duka la vitenge,
Bi Lin alinipimia majani kwa mizani ya sonara:
gramu hamsini, elfu kumi na nane.
Nikataja kumi. Akacheka,
akaongeza vijani vitatu.
Bei ikabaki palepale.

Nyumbani Magomeni, Shomvi akachungulia bilauri:
"Hii chai, au maji yaliyooshea mchicha?
Sukari i wapi? Tangawizi je?"

Nikamwambia ngoja.

Majani yaliyojikunja kama kucha za paka
yakaanza kukunjuka, moja moja, bila haraka,
hadi jani zima likasimama majini
na kikonyo chake.

Akanywa. Akanyamaza.
Maji ya pili akamimina mwenyewe.
Ya tatu hakuniachia.

Kopo sasa nalificha
nyuma ya unga wa sembe.