Kabla Lori Halijapimwa

Mia mbili tu, pakiti ya biskuti,
na chini kabisa, katikati ya makombo, dadu.
Biskuti tuliwamwagia kuku wa Mama Chiwanga,
nao wakazidonoa kwa adabu tu.
Sisi tulitaka dadu.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya kijani,
pande sita: jua, jua, jua, ng'ombe, nzige, jua.
Nikasema, hii imetengenezwa Dodoma.

Nyuma ya pakiti, kwa maandishi ya kufinyia macho:

Dadu tatu mkononi, mwenzako naye tayari,
Rusha mara moja chini, usirudie safari,
Jua hufa mvuani, nzige ndiye mwenye shari,
Mshinde haoni haya, hutoa moja akenda.

Basi. Hakuna refa, hakuna ubao,
mchezo unakwisha kiganja hakijakauka jasho.
Aliyeandika alizijua mizani.
Na mimi mizani nilizijua, zile nyingine:
niliuza zabibu Nala, malori yanakopimwa,
ndoo moja, kikombe cha plastiki,
na dadu kumi na nne ndani ya soksi ya shule
iliyofiwa na mwenzake.

Njoghomi alikuwa utingo wa fuso la alizeti,
Singida–Dar, Dar–Singida.
Aliruka chini breki hazijamaliza kulia.
"Una mpya?"
Hakuwahi kunisalimu kwa namna nyingine.

Tulichuchumaa kivulini mwa lori linalofuata,
kifuniko cha ndoo kikawa uwanja.
Ekseli ya kwanza inapanda mizani: tunachagua.
Ya pili: tunarusha.
Dereva anapiga honi,
na mmoja wetu amepungukiwa dadu moja.

Alikuja nazo za mbali,
ya bluu yenye samaki, ambayo Nala haikufika,
nyeupe ya Gairo iliyolika pembe
hata ikawa inabingirika kama gololi na kumwaibisha.
Nilimla ile ya samaki. Akanila mbili za ng'ombe.
Lakini mvua sikuwa nayo.
Pande themanini na nne, nilizihesabu usiku kwa kidole,
mvua hakuna.

Yeye alikuwa nayo. Moja, rangi ya chungwa,
mvua upande mmoja tu,
mistari mitatu kama mkwaruzo wa paka.

Mwaka ule uwele wetu ulifika magotini
ukakaa hapo hapo.
Baba alinichapa kwa ajili ya soksi ile,
akasema hataki mcheza kamari nyumbani kwake,
kisha akachukua jembe
akaenda kupanda mara ya tatu, mbegu za mkopo.

Februari, foleni fupi.
Nikarusha: ng'ombe, ng'ombe, jua.
Njoghomi akarusha: jua, nzige,
na ile ya chungwa ikazunguka kifunikoni,
ikazunguka, ikagonga ukingo, ikaruka
ikaingia mbele ya tairi.

Honi.
Tukalala kifudifudi kwenye vumbi la moto.
"Mvua!" akasema.
"Jua," nikasema,
na hakuna aliyekuwa ameona.
Lori likasogea.
Tukasikia kitu kidogo, kama karanga.

Vipande vinne. Kimoja kilikuwa na mistari miwili na nusu.
Akakifuta kwa mate, akanipa.
Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa,
alikuwa ameshadandia, fuso liko gia ya pili,
na zabibu zake za mia tano hakuzilipia.

Biskuti zile hazitengenezwi tena.
Siku hizi malori hupimwa yakitembea,
utingo hapati hata muda wa kunyoosha mguu.
Soksi ninayo.

Jana mwanangu aliimwaga yote sakafuni,
akazipanga kwa rangi, akakosa pa kukiweka kile kipande.
Hiki nini, mama?
Nikamwambia ni mvua.
Imepungua kidogo.