Ng'ata

Nilitumwa ghorofa ya tatu, Idara ya Jiolojia,
na kamera mbili, nyaya mita ishirini,
na waraka wa mkuu wa chuo uliosema: kufikia Oktoba.
Mvua ya Oviedo haina haraka.
Ilinisindikiza hadi mlangoni, ikabaki nje inasikiliza.

Walimu kumi na mmoja, wameketi
kama watu wanaosubiri majibu ya kipimo.
Fermín Llaneza aliuliza:
"Nikishaingia humo, kisha nikafa Jumapili,
Jumatatu nitaendelea kufundisha?
Na mshahara ataupokea nani?"
Hakuna aliyecheka. Niliandika swali lake. Ninalo mpaka leo.
Covadonga Riera alitaka kujua tu pa kuzimia.
Mmoja alikuwa akisahihisha mitihani chini ya meza.
Kijana wa mkataba wa miezi tisa
aliitikia ndiyo kwa kila kitu,
kwa sauti ya mpangaji anayedaiwa kodi.

Kisha Etelvina.
Miaka thelathini na minne ya kufundisha miamba,
kucha zina weusi usiosikia sabuni.
Baba yake alishuka shimoni kule Mieres kuchimba makaa;
alipanda, mapafu yake hayakupanda.
Hakubishana na mtu. Alifungua mkoba,
akatoa kipande cha kijivu kama kisigino,
akanipa.
"Ng'ata."

Niling'ata. Nilikuwa na miaka ishirini na sita,
sikujua kama kukataa kunaruhusiwa.
"Kinakwaruza?"
Kidogo, nikasema, kama kome walioshwa harakaharaka.
"Basi hiyo ni silti. Lingekuwa tope tupu
lingeteleza kama siagi.
Kwetu sisi jino ni darubini.
Sasa niambie, kijana wa nyaya,
kioo chako kina ladha gani?"

Nilifunga kamera hata hivyo.
Mtu hupewa kazi, hapewi majibu.

Wiki mbili aliipa kamera mgongo.
Rekodi zangu za mwezi ule
ni sweta ya kijani, na kiwiko kinachokwenda na kurudi.

Novemba ikaja barua pepe kutoka Degaña,
bonde ambalo basi hulifikia likijisikia.
Msichana, Olaya, hukamua ng'ombe wa babu yake
saa kumi alfajiri, kisha hukaa jikoni
na kutazama vipindi huku maziwa yakipoa.
Mistari miwili tu:
Profesa, naomba ugeuke.
Mgongo wako nimeshauelewa.

Etelvina aliisoma amesimama. Akairudia.
Hakuisifu mashine, wala mimi.
Aliuliza taa inaongezwaje,
halafu akavaa koti, akaenda posta.

Masanduku tisa, kwa tisa walio mbali.
Ndani, mawe saba yamefungwa kwa gazeti la michezo,
kila moja lina namba ya rangi ya kucha, nyekundu.
Stempu alilipa mwenyewe.
"Tumenunua kamera za mamilioni," alisema Fermín,
"ili turudi kulamba stempu?"

Jumanne. Vidirisha tisa, nyuso tisa:
mmoja ana kilemba cha taulo,
mmoja yuko ndani ya gari lililoegeshwa.
Etelvina akainamia kamera kupita kiasi,
pua yake ikajaa ukuta mzima.
"Namba nne. Ng'ateni."

Nimefunga vipaza sauti katika kumbi nyingi.
Sijapata kusikia kitu kama kile:
meno ya mabonde manane na mji mmoja
yakisaga mto uliokauka kabla ya mtu yeyote kuzaliwa.
Fermín alikuwa mlangoni, kofia mkononi.
Swali lake bado halijajibiwa,
naye hakujifanya limejibiwa.

Fomu ya ripoti iliniuliza kiwango cha matumizi.
Nikajaza: kinaridhisha.
Hapakuwa na nafasi ya kuandika mawe.

Lakini siku ile kabla ya kengele
alisita, akahesabu kwa kidole chenye weusi,
saba, wanane, akarudi kwenye kidirisha cha chini kabisa.
"Olaya," alisema, "washa sauti.
Wewe sijakusikia."