Bawabu wa Chumba cha Mayai

Kisanduku kimekaa juu ya kabati la vyombo,
masikio mawili wima, taa nne za kijani
na ya tano, nyekundu, ambayo fundi alisema niipuuze.
Mama amekitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe:
kinacholipiwa kila mwezi hakilali juu ya mbao tupu.

Chumba cha pili, mayai mia na ishirini
yanalelewa na balbu na feni.
Kipimajoto kimeungwa kwenye kompyuta ndogo kama kiberiti,
nayo husema: thelathini na saba nukta saba.
Husema humu humu ndani tu.
Mimi kazi yangu iko Nebbi, zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
na mayai hayajui zamu.

Basi Jumapili, baada ya chai, nikaandika
moja tisa mbili, nukta, moja sita nane,
nikaingia ndani ya kisanduku
kama mtu aingiaye jikoni mwa wenyewe.
Neno la siri lilikuwa bado lile la kiwandani,
limebandikwa mgongoni pake, kila mgeni alisome.
Nililibadili kwanza, kwa aibu ya aliyekuta
mlango wa nyuma u wazi tangu mwaka juzi.

"Unafanya nini humo, Candiru?"
"Namfundisha bawabu."
Akacheka. Baba alikuwa bawabu,
miaka kumi na tisa, lango la ghala la tumbaku.
Kusoma alisoma kwa shida, lakini alijua
mwenye mizani yuko mlango upi, karani mlango upi,
na asiyetaja anayemtafuta
alibaki juani na baiskeli yake.

Ndivyo hivyo, mama.
Mgeni atakuja kutoka nje, mlango wa elfu nane na themanini.
Bawabu asimkaribishe sebuleni,
ampeleke moja kwa moja kwa kile kidude,
anwani inayoishia hamsini.
Na kidude nimekipa anwani ya kudumu,
kisihame kitanda kila umeme ukirudi,
wageni wangu wakaishia kwenye runinga.

Nikabofya Hifadhi. Taa zikazimika, zikawaka.
Nikatoka uani, nikazima waifai,
nikabisha kwa bando la shilingi elfu moja.
Kimya.
Nikabisha tena.
Saa mbili nzima nilimlaumu bawabu,
kumbe anwani niliyodhani ni ya nyumba yetu
ni ya mtaa: sisi, kinyozi, nusu ya Mvara,
sote nyuma ya lango moja la kampuni,
na bawabu wa pale hajawahi kusikia jina letu.

Kijana wa ofisini aliniangalia
kama niliyeomba barabara ya kupita peke yangu.
"Anwani ya hadharani ni ya biashara, dada."
"Na mayai je?"
Akaandika: biashara. Nikalipa.

Jumatano, Nebbi, saa tisa za usiku,
mapacha wameshalia wote wawili,
nikasimama koridoni, nikabisha.
Thelathini na saba nukta sita!
Nilicheka peke yangu, glavu mfukoni.

Kisha nikafungua daftari la bawabu.
Wengine walinitangulia. Tangu jioni
anwani nisizozijua zimegonga mara mia nne,
kila mlango, kila kitasa.
Kwetu hodi ni tatu; usipoitikiwa, unaondoka.
Hao hakuna aliyewafunza.
Nikaongeza komeo, neno refu
ambalo sitalitaja hata hapa.

Alfajiri simu ikalia.
"Hicho chombo chako kimekuambia?"
"Kimeniambia joto, mama."
"Joto! Yai la pembeni, karibu na feni.
Kuna mtu anabisha, na yuko ndani."