Bega la Kulia

Halikupiga kelele siku ile.
Lilisema tk, kama kifuniko cha soda
iliyokwisha gesi,
na chuma kikaniegemea shingoni
kama mlevi anayetaka kuniambia siri.

Ochola akakidaka. Akacheka kwanza,
kisha akayaona macho yangu, akaacha.
Umeme ulikuwa umekatika Nyalenda nzima;
tulikuwa tukinyanyua kwa mwanga wa simu
mikebe ya rangi iliyojazwa saruji,
yote imeandikwa kumi na tano, na sote twajua
ule wa kushoto una kokoto zaidi.

Nilidhani litapona kwa kudharauliwa.
Mengi yangu yamepona hivyo.
Nikalipaka dawa hadi saluni ikanuka peremende,
nikasuka. Mteja wa saa nne alitaka mistari midogo,
midogo kama mchele, kichwa kizima.
Kufika saa nane mkono haukuwa wangu,
ulikuwa wa jirani, nimeuazima bila ruhusa.

Usiku likatoka nikivuta shuka.
Shuka tu.
Nikaketi gizani nimelishika kama yai,
namsikiliza mbu,
naogopa kulirudisha, naogopa kutolirudisha.

Bi. Nafuna wa hospitali hakuuliza nanyanyua kilo ngapi.
Jibu nilikuwa nimeliandaa njiani,
nimeongeza hata mbili.
Alisema, Vua sweta. Nikavua
kwa mkono mmoja, kwa hila, kama wiki zote hizo,
naye akaandika kitu kabla hajanigusa.

Misuli ya mbele umeilisha, akasema.
Ya nyuma inalala njaa.
Mfupa umekaa kama kikombe ukingoni mwa meza,
na kila apitaye nyumbani kwako anakipiga kumbo.

Akanikatia mpira. Tyubu kuukuu ya baiskeli,
urefu wa mkono.
Ufunge kitasani. Kiwiko kigande mbavuni.
Vuta nje polepole, kama anayefungua pazia
la chumba cha mgonjwa.
Kumi na tano, mara tatu, kila siku. Vyuma, hapana.

Hapana hadi lini?
Hadi uache kuniuliza hivyo.

Basi Aprili nzima, na Mei karibu yote,
mlango wa saluni ukawa uwanja wangu.
Wateja waliniona kutoka chini ya draya:
Apondi, mlango umekukosea nini?
Watoto wa shule wakaniiga wakipita, viwiko mbavuni.
Mimi niliyebeba themanini mabegani
nikatetemeka mbele ya kipande cha mpira
chenye viraka viwili.
Nililia mara moja. Nikasingizia dawa ya nywele.

Jana nilirudi.
Jirani alikuwa akikaanga omena, ukuta mzima unanukia.
Ochola akavaa mikebe kwenye bomba kama zamani.
Nikamwambia, Itoe.
Mmoja?
Yote.

Nikalipandisha bomba tupu juu ya kichwa,
bomba la maji, lenye kutu pale pa kushika.
Bega likasita. Likatafuta kikombe chake gizani,
likakaa.
Nikashusha. Nikapandisha tena.
Vijana walitazama kwingine, kwa adabu.
Saba, nikahesabu.
Nane.
Niliitamani tisa, mno, na tisa ilikuwepo, niliihisi.

Nikaweka chini.